Dada, São Paulo kunakalika? Maswali yenu leo nayajibu

Tangu mjue naishi São Paulo inbox imejaa, nayajibu kwa mkupuo.

Nimepata nafasi ya kusoma USP, Chuo Kikuu cha São Paulo, ila mama anasema Brazil wataniua. Nimwambieje?

Mwambie mama jiji lina watu zaidi ya milioni 11 na usalama unabadilika mtaa kwa mtaa, hata saa kwa saa. Pinheiros au Vila Mariana saa nne usiku utakuta wadada wanatembeza mbwa, ila República na Luz saa hiyo hiyo mi sipiti kwa miguu, mchana napita bila shida. Chuo chenyewe kiko Butantã, kampasi kubwa na usiku kuna sehemu giza, panda basi la chuo usikatize peke yako. Chumba tafuta kwenye jengo lenye porteiro, yule mlinzi wa mlangoni usiku na mchana, bora chumba kiwe kidogo lakini yeye awepo.

Eti simu wanakwapua?

Wanakwapua jamani, Avenida Paulista, ile barabara kubwa ya jiji, wanapita na baiskeli fyaa, umebaki na mkono hewani. Na siku hizi simu yenyewe si kitu, wanataka Pix, hiyo ndo M-Pesa ya huku tangu 2020, kwa hiyo limiti ya kutuma weka ndogo na apu ya benki usiiache kwenye simu ya kuzurura. Akikutolea silaha mpe tu, usibishane.

Kwenye metro na mabasi wanaume wanashikashika?

Wapo. Mwaka 2017 jamaa mmoja alimwagia dada wa watu shahawa ndani ya basi hapo hapo Paulista, jaji akamwachia, nchi nzima ikawaka, na 2018 ikatoka sheria, sasa ni jela mwaka 1 hadi 5. Kwa hiyo piga kelele, watu humu ndani wanasaidia kweli. Kingine wageni wengi hawakijui: kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri mwanamke anaweza kumwambia dereva wa basi la jiji amshushe sehemu yoyote njiani hata kama si kituo. Itumie.

Nina mchumba Mbrazili, anataka nihamie kwake. Niogope nini?

Hili ndo nilikuwa nalisubiri, maana wote mnaniuliza vibaka wakati wanawake wengi wanaouawa huku kwa sababu ni wanawake wanauliwa na mume au mpenzi, tena nyumbani, na wengi wao ni weusi kama sisi. Sheria kali dhidi ya ukatili wa nyumbani ipo tangu 2006, inaitwa Maria da Penha, jina la mama wa Fortaleza ambaye mumewe alimpiga risasi 1983 akapooza miguu. Inamlinda kila mwanamke, na jaji anatakiwa aamue ndani ya saa 48 kama huyo bwana azuiwe kukusogelea. Usiogope eti we mgeni. Namba ya msaada kwa wanawake ni 180, bure masaa yote, ikiwa ndo unapigwa sasa hivi piga 190, ya polisi. Pia Cambuci kuna Casa da Mulher Brasileira, polisi wa wanawake na wanasheria wako humo humo, hawafungi usiku. Na mdogo wangu, pasipoti na akaunti yako ya benki vibaki mikononi mwako, akikuomba akutunzie kataa.

Na Rio?

Rio metro ina mabehewa ya wanawake asubuhi na jioni siku za kazi, ingia hayo. Copacabana nenda na taulo na hela ya maji ya dafu, basi.