Barua kwa mwanangu: mtoto anayekariri badala ya kusoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Lindi. Sisi huku ni wazima, na baba yako anakusalimu.

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umeniuliza mambo mawili: kwanza, inakuwaje mtoto wa darasa la pili asome ukurasa mzima wa kitabu chake bila kukosea, kisha ashindwe kulisoma neno lile lile ukimwandikia kwenye karatasi nyingine, na pili, kama wewe, ambaye hukusomea ualimu na unarudi nyumbani jioni umechoka kwa kubangua korosho, unaweza kumsaidia chochote. Nianze na hilo la pili: unaweza, na huhitaji kununua kitu.

Kuhusu la kwanza, ukweli ni kwamba mjukuu wangu hasomi ukurasa ule, anaukumbuka. Darasani watoto huitikia kwa pamoja nyuma ya mwalimu, na mtoto mwenye sikio jepesi hushika sentensi nzima kama anavyoshika wimbo, akapita wiki na miezi bila mtu kugundua kwamba macho yake hayafuati herufi. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi na watoto wa namna hii nimewaona wengi. Si wavivu wala si wajinga, kwa sababu kukariri ukurasa mzima ni kazi nzito kuliko kuusoma. Kwa hiyo naomba lile neno ulilolitumia kwenye ujumbe wako, la kwamba labda kichwa chake ni kizito, lisitamkwe tena mbele yake wala nyuma yake.

Kazi yako ya mwanzo nyumbani ni kutafuta alipokwama, kama mvuvi anavyotafuta tundu kwenye wavu kabla ya kushika uzi. Kusanya vizibo vya soda, andika herufi moja ndogo juu ya kila kizibo kwa kalamu ya wino mzito, vichanganye, kisha mwonyeshe kimoja kimoja. Usimuulize, «Hii inaitwaje?» Muulize, «Hii inatoa sauti gani?» Alipokuja kwetu likizo iliyopita nilimfanyia hivyo, nikaona jambo ambalo pengine hukuliona: nikimwonyesha e, anasema i, nikimwonyesha i, anasita, kisha anasema ai. Neno meza alilisoma miza. Alipokuwa chekechea alifundishwa herufi kwa majina ya Kiingereza, ambamo a huitwa ei, e huitwa ii, na i huitwa ai. Alipoingia darasa la kwanza, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili, hakuna aliyemtenganishia hayo mawili, naye akachagua kukariri. Irabu tano zikichanganyika namna hiyo hakuna neno la Kiswahili litakalosomeka, maana kila neno letu limesimama juu yake.

Basi anza na a, e, i, o, u peke yake, na usiziache mpaka azitaje bila kufikiri, kwa mpangilio wowote utakaompa. Zikishakaa, ongeza konsonanti chache ambazo ni rahisi kuzivuta mdomoni, kama m, n na l, kisha k na t. Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Ukimfundisha mtoto kwamba herufi hii ni «em» na ile ni «a», kisha ukamwambia aunganishe, atapata «ema», wala hatapata «ma». Ukimwambia «be» na «a», atapata «bea». Yeye anaunganisha sawasawa kabisa, ila amepewa vipande visivyounganika. Mpe sauti yenyewe: funga midomo na uvume, mmmm, kisha fungua, aaaa, sogeza kizibo cha m taratibu mpaka kiguse kizibo cha a huku mnavuma pamoja, na mwache asikie mwenyewe jinsi mmmm inavyozaa ma. Kwa k na t, ambazo hazivutiki, tamka kwa kifupi sana, bila kuongeza irabu nyuma yake.

Jambo hili si geni kwake. Kule chuoni anakosoma Kurani, ustadhi wake humwonyesha kwamba herufi ile ile ikitiwa alama ya fatha inasomwa ba, ikitiwa kasra inasomwa bi, ikitiwa dhumma inasomwa bu. Mkumbushe hilo, mwambie kwamba herufi za shule nazo zinakwenda hivyo hivyo, na utaona uso wake unafunguka. Tofauti ni kwamba kule husoma kutoka kulia, kwa hiyo akisoma Kiswahili aweke kidole chini ya neno na kukisogeza kutoka kushoto.

Mkishakuwa na irabu zote na hizo konsonanti tano, tayari mna sentensi. «Kuku anataka kulala» haina herufi hata moja nje ya hizo. «Mama anatoka» vilevile. Mtungie sentensi mpya kila jioni kwa herufi anazozijua tu, uziandike kwenye kipande cha boksi au hata mchangani, na usiweke picha pembeni, kwa sababu picha itamfanya abahatishe. Sentensi yenyewe iwe mpya, ambayo hajawahi kuisikia. Hiyo ndiyo dawa ya kukariri. Akiisoma, muulize kuku anataka nini. Asipoweza kujibu, airudie, kwa kuwa kutamka bila kuelewa bado si kusoma.

Masikio nayo yafundishwe, na hili halihitaji hata kizibo. Mkiwa mnamenya mihogo, tajeni neno na kulipigia makofi kwa silabi zake: mu-ho-go, sa-ma-ki, pwe-za. Muulize ni neno gani linaloanza kwa sauti sawa na samaki. Mtoto ambaye hasikii kwamba neno limejengwa kwa vipande hataweza kuvijenga kwa macho.

Mtakapofika kwenye konsonanti zinazokaa pamoja, nenda polepole kuliko ulivyokwenda mwanzo. Mbuzi ni mbu-zi, makofi mawili, na m imeegemea b. Mti nao ni makofi mawili, m-ti, lakini pale m imesimama peke yake kama silabi kamili. Usimpe kanuni, mpe maneno mengi ya kila upande, mpige makofi mpaka sikio lenyewe litenganishe, na akisoma muti, mrudishie sauti sahihi bila kumkemea. Ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe mfundishe siku tofauti, na umwonyeshe ile alama ndogo ya juu. Dh, th na gh ziache za mwisho. Watu wengi huku kwetu hutamka zahabu na selasini, kwa hiyo mtoto hawezi kuitambua dhahabu kitabuni kama hajawahi kuisikia nyumbani. Ndivyo ilivyo pia kwa l na r: wewe ukisema kolosho naye ataandika kolosho, basi akiwa karibu yako itamke korosho kwa uangalifu. B na d huwachanganya watoto wengi kwa sura. Usizifundishe katika wiki moja.

Kuna hatua moja ambayo vitabu huipita haraka na mimi naiona kubwa. Mtoto anaweza kusoma ko, ro, sho, kila silabi ikiwa sahihi, halafu akakutazama bila kujua amesoma nini. Kinachokosekana ni mkazo. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto anayezitamka silabi zote kwa uzito mmoja hulipoteza neno analolijua tangu utotoni. Mwambie alirudie kwa haraka, kama anavyolisema akiwa anacheza, na akisita lisemeni pamoja. Maneno marefu nayo yajengwe mbele yake kidogo kidogo: soma, kisha nasoma, anasoma, tunasoma, tulisoma, tuliwasomea. Akiona kwamba sehemu ile ya som haiondoki na kwamba vipande vya mbele ni vile vile anavyovitumia akizungumza, neno refu halimtishi tena.

Muda wa dakika 15 kwa siku unatosha, mradi iwe kila siku na iwe kabla usingizi haujamshika. Umalize kwa kitu anachokiweza. Dada zake wasikae karibu kumsahihisha, hata kama wanamaanisha mema. Ukiona hasira inakupanda, funga vizibo kwenye kitambaa, mwendelee kesho. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya herufi huiogopa herufi, na kumwondolea woga huo ni kazi kubwa zaidi ya kumfundisha kusoma.

Nenda pia ukaonane na mwalimu wake, si kulalamika bali kuuliza wamefikia sauti ipi. Tangu mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, walimu wa madarasa haya hufundisha kwa sauti za herufi, kwa hiyo mtaelewana. Mwombe asimtoe mbele ya wenzake kusoma kwa wakati huu, na amkalishe karibu na ubao.

Nasema karibu na ubao kwa sababu bado hatujui kama anaona vizuri. Kabla ya yote mpeleke hospitali ya Ligula wampime macho na masikio. Mtoto anayekodoa macho, au anayehitaji kuitwa mara mbili, anaweza kuwa na shida ambayo vizibo haviwezi kuitibu. Yakionekana mazima, na mkafanya kazi hii kila siku kwa miezi kadhaa bila sauti kukaa kichwani, ndipo tutafikiria kile kinachoitwa disleksia, ambayo ni ugumu wa ubongo kuunganisha sauti na herufi. Haina uhusiano na akili, mara nyingi hurithiwa katika familia, na mwenye nayo hujifunza kusoma kwa njia hizi hizi, ila kwa muda mrefu zaidi na marudio mengi zaidi. Muulize baba yake kama kwao kuna aliyechelewa kusoma.

Niandikie baada ya kumpima, na unitajie ni irabu zipi bado anazichanganya, ili nikutungie sentensi za kuanzia. Likizo ya mwezi wa sita mlete huku. Akiwa amefika kwenye mb na nd, mimi nitaendelea naye kutoka hapo.

Ni mimi mama yako.