Nyumba ya mabinti waliozaa: je, zaka inafika hapo?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh wetu. Sisi ni akina mama wa msikiti mmoja. Tumepanga nyumba na tunawahifadhi humo mabinti waliozaa wangali wadogo, wengine wamefukuzwa kwao, wengine wameachwa na waume. Wanalea watoto wao, na asubuhi wanafundishwa ushoni. Sasa baadhi ya waumini wanatuambia tunafungua mlango wa zinaa, na kwamba pesa ya zaka haifai kuingia humo. Tuendelee au tuache?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Endeleeni. Nimelitanguliza neno hilo ili msilale na shaka, kisha tuelezane.

Hao wanaowapinga nawadhania wema, wanaichungia dini heshima yake. Lakini wasikilize hadithi ya Imran bin Husayn katika Sahihi Muslim. Mwanamke wa kabila la Juhayna alimjia Mtume (s.a.w.) akiwa na mimba ya zinaa, akakiri kwa ulimi wake. Mtume akamwita walii wake, yaani msimamizi wake, akamwambia: “Mtendee wema, na akishazaa umlete kwangu.” Imam Nawawi anapoisherehesha hadithi hii anataja sababu mbili za agizo hilo. Ya kwanza, ilihofiwa jamaa zake wangemdhuru kwa kuona aibu. Ya pili ni huruma kwake, kwa kuwa ametubu na nyoyo za watu humkimbia mtu kama yule na kumsikilizisha maneno ya kuumiza. Soma tena sababu hizo mbili, dada yangu, kisha uwatazame mabinti wenu. Si ndiyo yaliyowaleta kwenu?

Hukumu ya mwanamke yule ilikuja baadaye, na aliyeitoa ni Mtume mwenyewe. Sisi hatuna kiti hicho. Tulichoachiwa ni kumtendea wema. Tena hapo tunazungumzia aliyekiri! Ndani ya nyumba yenu yumo aliyeolewa kwa ndoa ya halali kisha akatelekezwa, na huenda yumo aliyelazimishwa, na mwenye kulazimishwa hana dhambi. Msiwahoji ili mjue nani ni nani. Ama mtoto, Qur'ani imekwisha kusema katika Surat Fatir, aya ya 18, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwengine.

Usiku mmoja baada ya swala ya isha nilimkuta binti ameketi mahali pa kuvulia viatu, kichanga kifuani, kitovu chake hakijaanguka. Wanaume watano walikuwa wamemzunguka wakimuuliza baba wa mtoto ni nani. Nami nilikuwa wa sita, na swali langu la kwanza lilikuwa hilo hilo. Bibi mmoja aliyekuwa akitoka upande wa wanawake alitupita, akainama, akamuuliza: “Umekula, mwanangu?” Binti akalia. Tangu siku hiyo kila nikisoma Surat Maryam najirudi.

Simfananishi mtu na Bibi Maryam, aliyetakaswa na Mola wake. Natazama tu jinsi alivyohudumiwa. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, akatamani lau angekufa kabla ya siku ile. Akaambiwa asihuzunike, chini yake pana kijito. Alitikise shina, tende mbivu zitamwangukia. Ale, anywe, atulize jicho. Maji aliyakuta tayari. Tende aliambiwa atikise, hali ya kuwa ni mzazi asiye na nguvu. Nyumba yenu ndiyo kijito, na cherehani ndilo shina la mtende.

Sasa zaka. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba imetaja mafungu manane, na mawili ya mwanzo ni mafukara na maskini. Binti asiye na pa kulala wala wa kumlisha anaingia humo bila mjadala. Na katika madhehebu yetu ya Shafi'i, Nawawi amesema ndani ya kitabu chake Al-Majmu' kwamba mwenye kazi ya mikono hupewa zaka ya kununulia vifaa vya kazi yake, thamani iwe ndogo au kubwa. Kwa hiyo cherehani inafaa, mkasi unafaa, na hata vitambaa vya kuanzia.

Ila sharti lake ni kumilikishwa, na hapa ndipo nyumba nyingi za hifadhi zinapokosea. Cherehani iliyonunuliwa kwa zaka ni ya yule binti. Siku akiondoka, anaondoka nayo. Mkiiandika mali ya nyumba na yeye akatoka mikono mitupu, zaka ile haijamfikia. Kodi ni vivyo hivyo: mpeni fungu lake au awape idhini mlipe sehemu yake. Kununua jengo na kumlipa fundi anayewafundisha, tumieni sadaka, na jengo likiwekwa wakfu ni bora zaidi. Asiye Mwislamu mhifadhini pia, matumizi yake yatoke kwenye sadaka.

Watafuteni na wazazi. Baba mwenye uwezo ambaye binti yake hajaweza kujitegemea bado anadaiwa matumizi yake. Hasira haimwondolei wajibu, wala haifai alete zaka yake kwenu ili imlishe bintiye mwenyewe. Na mume aliyetoa talaka asomewe aya ya 6 ya Surat At-Talaq: mwenye mimba atalishwa mpaka ajifungue, na akimnyonyeshea mtoto atalipwa ujira wake.

Jambo la mwisho hamkuliuliza, lakini linanikera. Wafadhili wakija, msiwapange mabinti mstari na watoto wao wapigwe picha. Waonyesheni nguo walizoshona. Daftari la majina likae kwa mama mmoja mwaminifu, alifungie.

Wallahu a'lam.