Kabla ya kamera, jiulize utarudi mara ngapi

Wasichana wanaotaka kutengeneza filamu za makala huniuliza kwanza wanunue kamera gani. Mimi huwauliza: utaweza kurudi mara ngapi kwa mtu yule yule?

Swali hilo nimelipata kwa kufuatilia kazi ya Florence Ayisi, Mkameruni aliyefundisha filamu chuo kikuu huko Wales. Mwaka 2005, filamu ya Sisters in Law, aliyoiongoza pamoja na Kim Longinotto, ilipata tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Ilipigwa mjini Kumba, Kameruni, ikiwafuata mwendesha mashtaka na hakimu, wote wanawake, wanaosimamia kesi za wanawake na watoto waliodhulumiwa. Kisha akaja kwetu Unguja kuwapiga picha wanawake wanaocheza mpira, jambo ambalo wengi hapa walikuwa hawalitazami kwa jicho jema. Zanzibar Soccer Queens ikatoka 2007. Na hakuishia hapo. Alirudi, mara hii na Catalin Brylla, na mwaka 2016 ikatoka Zanzibar Soccer Dreams. Miaka tisa baadaye! Tuzo ni heri, lakini kwangu mimi huko kurudi ndiko kunakoonesha yeye ni mtengenezaji wa namna gani.

Mimi nilianza na wakulima wa mwani Jambiani, kijiji cha pwani hapa Unguja. Nilifika kamera begani siku za maji mafu, bahari haikutoka, pwani hakuna mtu. Mtoto wa mjini, sikujua kwamba kazi ya mwani hungoja bamvu, maji yanapokauka mbali mnamo saa nne asubuhi. Nikarudi bamvu, kina mama wakanipa mgongo. Mmoja, mtu mzima, akaniambia: "Mwanangu, weka hicho chako, njoo unishikie kamba."

Nikaweka. Siku tatu nilifunga mwani naye. Unakitia kipande kwenye kikamba, unakaza kidogo tu. Ukikaza sana kinakatika, ukilegeza wimbi linakichukua. Ncha za vidole zilinichubuka, chumvi ikaingia. Siku ya nne akauliza mwenyewe: "Na kamera yako iko wapi?" Picha zote nzuri za filamu ile nilizipata baada ya swali hilo.

Mambo ya ufundi yanajifunzika. Saa nne jua limeshapanda na maji yanarudisha mwanga, kwa hiyo ifuate sura iliyo chini ya kofia ya ukili au kivuli cha kanga. Upepo wa kusi utakula sauti yote. Kifiche kinasa sauti kifuani mwa msemaji, ndani ya kanga. Vibali shughulikia mapema, na kabla ya yote pita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mahali hapo.

Lisilosameheka ni la heshima, na mimi nililikosea. Nilirusha kipande mtandaoni kabla wenyewe hawajakiona. Ndani yake mama mmoja ameinama, kanga imemteleza, nywele zinaonekana. Ni sekunde chache tu. Mimi nilikuwa nikitazama rangi ya maji. Jamaa zake walimtazama yeye. Nilikitoa siku ile ile, lakini kilikuwa kimeshasambaa kwenye simu za watu. Nilipokwenda kumwomba radhi alinikaribisha barazani, akanitilia chai, akaniuliza hali ya mama yangu. Suala la picha hakulitaja hata kidogo. Na mbele ya kamera hakusimama tena.

Tangu hapo hakuna kitu changu kinachotoka kabla waliomo hawajakitazama, na akitokea anayetaka aondolewe namwondoa, hata kama ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote. Idhini ya leo si ya milele: mtu huolewa, huachwa, hufiwa, na sura yake bado iko kwenye filamu yako. Ndiyo maana nasema urudi.

Filamu ilipokamilika niliipeleka Jambiani. Tulitandika mikeka baada ya Isha, shuka jeupe ukutani, watoto mbele. Yule mama mtu mzima niliyefunga mwani naye alikaa karibu na mashine, akatazama kimya mpaka ilipofika pale anapofunga mwani peke yake. Akanishika mkono.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu. Ile kamba ya mwisho, aliyeifunga si mimi. Ni wewe ile, tazama ilivyolegea."