Visawe vya Kiingereza: tatizo ni orodha

Dada, unasema umekariri visawe 300 kwa ajili ya GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, na bado ukiandika unakosolewa. Mimi nailaumu orodha. Inakuambia "thrifty" na "stingy" ni kitu kimoja, kumbe la kwanza ni sifa, la pili karibu tusi: mwangalifu wa pesa na bahili. "Frugal" limekaa upande wa sifa.

Mambo haya unayajua tayari kwa Kiswahili. Ng'ombe anakufa, mzee wetu anafariki. Jaribu kugeuza uone watu watakavyokutazama. Kiingereza nacho kina matabaka, hasa tangu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 wakaja na Kifaransa chao: "ask" ni la asili, "question" limepitia Kifaransa, "interrogate" ni la Kilatini. Hilo la mwisho waachie polisi.

Chukua maneno matatu tu kwa siku, kila moja na sentensi uliyoikuta gazetini au kitabuni, si uliyoitunga mwenyewe. Daftari langu lina safu moja ya ziada: nani hulisema neno hili, na humwambia nani.