Ukiona mstari umeshuka, sema

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga anayesoma sayansi ya bahari aliniandikia: "Dada, nifanyeje na mimi nipande meli ya utafiti?" Nilianza kumjibu mara mbili, nikafuta. Jibu langu linaanzia usiku mmoja ambao mpaka leo unaniuma.

Tulitoka Port Louis, Mauritius, kuelekea safu ya milima iliyolala katikati ya Bahari ya Hindi, kule ambako mwaka 2000 Wajapani waliona matundu ya maji moto ya Kairei, zaidi ya mita 2,400 chini. Sisi tulitafuta mengine. Siku za mwanzo nilitapika tu, sina la kusimulia.

Watu hudhani unashusha kamera, unaona moshi mweusi, basi. Maji ya matundu yale hufika nyuzi joto 350, lakini yakikutana na maji baridi hupoa mara moja, hupanda mita mia mbili tatu, kisha hutanda kama wingu na kuchukuliwa na mkondo. Unachowinda ni hilo wingu. Fremu yenye chupa na sensa inaning'inia kwenye kebo, meli inakwenda mwendo wa mtu anayetembea taratibu, winchi inapandisha na kushusha usiku kucha, nawe umekodolea macho skrini. Mstari mmoja ni wa ukungu wa maji, na ukungu husafiri kilomita nyingi. Mwingine, wa Eh, yaani kipimo cha umeme kinachoonyesha kemikali zilizomo majini, huanguka sensa ikikutana na kemikali kama salfidi ya hidrojeni. Hizo huisha upesi baharini, kwa hiyo Eh ikianguka, ujue tundu liko karibu.

Saa tisa na dakika kumi usiku mstari wa Eh uliporomoka, ukarudi polepole. Ule wa ukungu haukutikisika. Jioni iliyotangulia kiongozi wa zamu alitukataza kumwamsha kwa ajili ya "mikwaruzo ya sensa", yaani mstari kurukaruka bure. Nilikuwa Mwafrika peke yangu mle ndani, na ndiyo safari yangu ya kwanza. Nikanyamaza. Hata kwenye daftari la zamu sikuandika.

Siku mbili baadaye zamu nyingine ikapita palepale, mstari ukaanguka tena, wakapiga kelele. Kamera iliposhuka tukaona bomba la mwamba likifoka moshi, na uduvi weupeweupe wamejazana ukutani kama siafu. Nililia mbele za watu. Ripoti ikawataja wao. Nilipofungua faili na kuonyesha saa yangu ile, nikaambiwa, "Mbona hukusema?" Na kweli, sikusema.

Basi mdogo wangu, andika. Andika saa, kina, mahali meli ilipo. Halafu sema. Ukiambiwa ni mkwaruzo, andika kwamba umeambiwa ni mkwaruzo. Sisi watoto wa pwani tumelelewa tusimkatize mkubwa, na hiyo ni adabu njema, ibaki sebuleni kwa bibi. Mbele ya skrini wewe ndiye jicho la meli nzima. Alama nzuri unazo, kutapika kutakwisha. Ila ukimya ukiuzoea hautoki. Kwa hiyo sema, hata sauti ikitetemeka.

Safari yangu ya pili niliamsha watu mara nne. Mara tatu ilikuwa kebo mbovu. Ya nne, nahodha alisimamisha meli.