Binti Kanyolewa Nywele, Anauliza: "Mimi Sasa ni Mvulana?"

SWALI: Binti yangu ana miaka minne na miezi kadhaa. Mwezi uliopita tulimpeleka kinyozi kwa sababu shule tuliyomwandikisha darasa la awali hairuhusu nywele ndefu. Alipojiona kwenye kioo alilia sana, na usiku akaniuliza kama amekuwa mvulana, na kama nywele zikiota atarudi kuwa msichana. Kaka zake wanamcheka na kumwita jina la kiume. Humu nyumbani tunaishi pia na mtoto wa shangazi yake, mvulana wa umri huohuo, ambaye kutwa anajipikilisha na wasichana wa jirani, anajifunga khanga na kubeba mwanasesere mgongoni. Babu yao ameagiza anyang'anywe mwanasesere huyo, akisema mtoto ataharibika. Je, watoto hawa wana tatizo? – Mama wa Morogoro

JIBU: Kwa haya uliyotueleza, mama, watoto wote wawili ni wazima, na kila mmoja anafanya kazi inayolingana na umri wake. Naomba nianze na binti, kwa sababu swali lake ni zito kuliko linavyosikika.

Mtoto anapokaribia miaka mitatu kwa kawaida huweza kusema kama yeye ni wa kike au wa kiume, nasi wazazi hudhani kwamba jambo hilo amekwisha kulielewa. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Lawrence Kohlberg, alieleza kwamba uelewa huu hujengeka kwa hatua. Kwanza mtoto hulijua jina la jinsia yake. Baadaye, mnamo miaka minne hivi, huanza kutambua kwamba msichana hukua akawa mwanamke na mvulana akawa mwanamume. Na ni mnamo miaka sita au saba ndipo wengi hushika kwamba mtu habadiliki kwa kubadili nguo, nywele au kazi. Binti yako yuko katikati ya safari hiyo, na kinyozi alimkuta hapo.

Kohlberg alijenga juu ya kazi ya Mswisi Jean Piaget, aliyeonyesha kwamba mtoto wa kati ya miaka miwili na saba hivi huamua mambo kwa jinsi yanavyoonekana. Unaweza kulishuhudia hili jikoni kwako. Chukua vikombe viwili vinavyofanana, mimina maji mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba yako sawa, kisha mbele ya macho yake hamishia maji ya kikombe kimoja kwenye glasi ndefu nyembamba. Yaelekea sana atakuambia kwamba glasi ina maji mengi zaidi, na ukimbishia atakuonyesha kwa kidole yalipofika. Mwaka 1969 mtafiti Rheta DeVries alimvalisha paka mpole barakoa ya mbwa mbele ya watoto. Wengi wa miaka mitatu walisema amekuwa mbwa, ilhali wa miaka sita walishikilia kwamba ni paka yuleyule. Kwa akili hiyohiyo binti yako alikitazama kichwa chake kwenye kioo, akakilinganisha na vichwa vya kaka zake, akatoa uamuzi. Alifikiri vizuri kwa ushahidi aliokuwa nao.

Mjibu kwa maneno machache: nywele zimekatwa, yeye ni msichana, na atabaki msichana zikiota au zisipoota. Mwonyeshe wanawake anaowapenda ambao wana nywele fupi. Mfundishe pia, bila aibu na bila kicheko, majina ya viungo vyote vya mwili, na kwamba maumbile ya mwili ndiyo yanayowatofautisha watoto wa kike na wa kiume tangu kuzaliwa. Sandra Bem, katika utafiti wake wa mwaka 1989, aliona kwamba watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliolijua hilo ndio wengi wao walioelewa kwamba mtu habadiliki kwa kuvalishwa nguo za jinsia nyingine. Elimu hiyo ina faida nyingine kubwa, maana mtoto anayejua kuutaja mwili wake anaweza kueleza akiguswa vibaya. Kaka zake waambiwe waache mzaha huo leo hii. Wao wanajua kwamba ni utani. Yeye bado hajui, na kila akiitwa jina la kiume anapata ushahidi mwingine wa hofu yake.

Sasa huyo mvulana. Kabla ya kumhukumu, kaeni kando bila kumwingilia, mumtazame anavyocheza. Mchanga ni ugali, vifuniko vya chupa ni sahani, na ghafla anawaambia wenzake wasipige kelele kwa sababu mtoto amelala, kisha yeye mwenyewe anashusha sauti. Mtoto yuleyule ambaye mchana hamuwezi kumnyamazisha hata kwa kumkemea amejinyamazisha mwenyewe, kwa kuwa mchezo una kanuni na mlezi hapigi kelele. Mwanasaikolojia Mrusi, Lev Vygotsky, alisisitiza jambo hili katika miaka ya 1930: ndani ya mchezo mtoto huwa mkubwa kuliko umri wake. Anajifunza kujizuia, kupanga, kujadiliana na kuwaza jambo ambalo halipo mbele yake. Anaigiza mapishi na malezi kwa sababu ndiyo kazi anazoziona kwa karibu kila siku.

Hofu ya babu naiheshimu, kwa kuwa inatoka kwenye upendo, lakini sioni msingi wake. Mchezo wa mtoto wa miaka minne hautabiri atakuwa mtu wa namna gani, wala haumharibu. Carol Ember, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973, aliwachunguza wavulana wa Kijaluo huko Nyanza, Kenya, ambao baadhi yao walipewa kazi za kike, kama kulea wadogo zao, kwa sababu nyumbani hapakuwa na msichana wa kuzifanya. Wavulana waliofanya kazi za ndani walionekana kuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao. Hili unaweza kumsimulia babu kwa adabu, ukimwomba aruhusu mwanasesere arudishwe. Mpira nao apewe, kama nyongeza na bila kugeuzwa adhabu.

Yapo mambo ambayo ningeyatilia maanani zaidi: mtoto aliyepita miaka mitatu ambaye hajawahi kuigiza chochote katika mchezo, asiyegeuka akiitwa jina lake, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo. Huyo apelekwe kwa daktari wa watoto bila kusubiri. Vivyo hivyo, binti yako akiendelea kwa wiki nyingi kukosa usingizi, kukataa chakula au kukataa shule, mzungumze na mwalimu wake, kisha mwende naye kliniki.