Choo cha stendi kwa mwenye kiti cha magurudumu: daini vipimo kabla zege halijamwagwa

Mleta mada ameuliza hivi: mji wao una mpango wa kujenga stendi upya, mama yake anatumia kiti cha magurudumu tangu alipopata kiharusi, na anataka kujua kama ni haki kudai choo kamili cha watu wenye ulemavu wakati hata vyoo vya kawaida havitoshi. Mchangiaji mmoja akamjibu kwamba watu hao ni wachache, stendi hawaonekani, afadhali hela iongeze matundu. Naomba nijibu kwa kirefu, maana jambo hili ndilo maisha yangu.

Mimi ni mwashi. Nilianguka kutoka kwenye mirunda nikiwa napiga lipu, uti wa mgongo ukaumia, na tangu hapo natembelea kiti cha magurudumu. Naishi Mbeya. Siku hizi nafanya makadirio ya vifaa kwa mafundi wenzangu, na kazi hiyo hunipeleka Makambako, Mafinga mpaka Iringa. Kwa hiyo choo nakijua kwa pande mbili, upande wa anayekijenga na upande wa anayekihitaji.

Nianze na hilo la kutoonekana. Hatuonekani stendi kwa sababu ya choo hichohicho. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Njiani basi linasimama, konda anatangaza watu wachimbe dawa haraka haraka, kila mtu anashuka na kichaka chake. Mimi nabaki kwenye siti. Ndiyo maana safari yangu huanza jana yake jioni kwa kuacha kunywa maji. Asubuhi sinywi chai, hata kama ni Juni na baridi ya Mbeya inapenya kwenye koti. Wenzangu karibu wote wenye viti ninaowafahamu hufanya hivyo hivyo. Mtu anakaa na kiu siku nzima kwa makusudi, na mwili unalipa: mkojo unakuwa mzito, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) zinajirudia. Sisi tulioumia uti wa mgongo wengi wetu hatusikii maumivu mapema, kwa hiyo maambukizi yanaweza kupanda hadi kwenye figo kabla hujajua kuna tatizo. Wengine huvaa pempasi za watu wazima, wakikaa na unyevu huo saa nyingi ngozi inalainika na vidonda vya kukalia vinafunguka. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kukulaza miezi.

Na wapo walioamua kutosafiri kabisa. Wanakosa kliniki, wanakosa msiba wa mzazi, wanaacha biashara. Halafu mtu anasimama stendi, anaangaza macho, anasema hawapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3 duniani wana ulemavu mkubwa, yaani mtu 1 kati ya 6. Ongeza bibi mwenye magoti yasiyokunjika, kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu ukafungwa plasta ngumu (POP), mama mjamzito wa miezi minane. Wote hao choo cha kuchuchumaa kinawatesa. Kwa hiyo mleta mada, usiombe kwa unyonge kana kwamba unaomba upendeleo kwa mama yako. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinahusu ufikiaji wa majengo na huduma za umma. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, ambayo nayo inataka majengo ya umma yafikike. Suala la haki lilishaamuliwa. Linalobaki ni ujenzi.

Na hapo kwenye ujenzi ndipo tunapopigwa. Tukidai choo tu, tutapewa choo, na hatutaweza kukitumia. Nimekutana na kimoja katika stendi ambayo sitaitaja. Mlangoni pamechorwa picha ya kiti cha magurudumu, rangi nzuri ya bluu. Mbele ya mlango pana ngazi moja ya sentimita kama 15. Mlango wenyewe ni mwembamba, kiti changu kiligonga fremu pande zote mbili. Ndani mlikuwa na ndoo za deki, fagio na magunia, kwa kuwa kimegeuzwa stoo, na ufunguo alikuwa nao mhudumu aliyekwenda kula. Siku ile niliingia choo cha kawaida kwa kutambaa, viganja vyangu juu ya sakafu yenye mkojo wa watu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe kwa ajili ya kikao cha kazi. Sitaki mama yako apitie hilo, wala mama wa mtu yeyote.

Kwa hiyo daini vipimo, na viandikwe kwenye mchoro kabla zege halijamwagwa. Haya ninayoyasema chukueni tepu mkayapime wenyewe.

Kwanza njia ya kufika. Kama sakafu ya choo iko juu ya ardhi kwa sentimita 30, mteremko wa kupandia uwe na urefu usiopungua mita 3.6, maana kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji 12 za kwenda mbele. Mafundi wengi hukata hapa ili kuokoa nafasi. Wanaweka mteremko mkali ambao mtu mwenye kiti hawezi kuupanda peke yake, na akishuka anaweza kupinduka. Mvua zetu za Desemba hadi Aprili zikinyesha juu ya sakafu iliyosuguliwa kwa niru, ile saruji laini ya kulainishia, hata mwenye miguu miwili anateleza. Pawe na kwaruzo, pawe na reli ya kushika.

Mlango uwe na uwazi wa sentimita 90, ufunguke kwa nje. Hili la kufunguka kwa nje naomba mlikazanie kwa sababu mafundi huliona dogo. Mtu akianguka ndani, mwili wake unauzuia mlango unaofunguka kwa ndani, na waliokuja kumsaidia wanashindwa kuingia. Ndani pabaki duara la sentimita 150 lisilo na kitu chochote, ili kiti kigeuke. Pembeni mwa sinki la kukalia pawe na uwazi wa sentimita 90 au zaidi, kwani wengi wetu hatuhamii kutokea mbele: tunasogeza kiti ubavuni, tunashika reli, tunajivuta. Sinki liwe na urefu wa sentimita 45 hadi 48 kutoka sakafuni, sawa na kiti chenyewe.

Vishikio vinahitaji aya yake. Nimeona vimefungwa kwa skrubu fupi kwenye lipu. Kishikio kinabeba uzito wote wa mtu mzima kwa mkupuo mmoja, na kikichomoka unaanguka ukiwa umeshavua suruali. Kama ukuta ni wa tofali za kuchoma, bolti zipite ukuta mzima zikafungwe na bati la chuma upande wa pili, au pale mahali pamiminwe zege wakati wa kujenga. Kuja kupafumua baadaye ni gharama mara mbili. Kabla ya kupokea kazi, fundi mwenyewe aning'inie pale mbele ya kamati.

Maji ndiyo mengine. Bomba lililowekwa juu kwenye kona, au pipa refu ambalo lazima uinamie, halinisaidii. Beseni la kunawia liwe na nafasi chini ya magoti, koki iwe ya kusukuma kwa kiganja, kwa kuwa vidole vya mtu mwenye kiharusi havizungushi. Pawe na tenki la akiba, kwani mgawo wa maji tunaujua. Wanaotumia mpira wa mkojo, wakiwemo vijana waliozaliwa na mgongo wazi, wanahitaji kunawa kabla ya kujiwekea mpira na rafu safi ya kuweka vifaa. Bila hivyo wanaweka kwenye paja au sakafuni, na bakteria wanaingia moja kwa moja.

Sasa jambo ambalo wahandisi wetu hawalifikirii kabisa: nani anaingia na nani. Mama yako atasindikizwa na wewe, na wewe ni mtoto wa kiume. Utaingia wanawake? Ataingia wanaume? Choo hiki kiwe na mlango wake peke yake unaotazama nje, kisiwe ndani ya upande wa wanaume wala wa wanawake. Nimemwona baba mmoja amesimama na binti yake mwenye mtindio wa ubongo nje ya milango miwili, hajui aingie upi, watu wanampita. Binti alikuwa mkubwa tayari, kifua kimeota, hawezi kukaa mwenyewe. Mwisho akambadilisha nguo nyuma ya basi, shangazi wawili wasiomjua wakamzungushia khanga. Mungu awabariki wale wanawake, lakini binti yule alistahili mlango wa kufunga.

Uingereza waliliona kundi hili la watu wazima wanaohitaji kubadilishwa wakiwa wamelala. Mwaka 2006 ilianza kampeni iitwayo Changing Places, ikiongozwa na familia na vyama vya watu wenye ulemavu, kudai vyoo vyenye kitanda cha kubadilishia mtu mzima, mashine ya kumnyanyua kutoka kwenye kiti, na nafasi ya wasindikizaji wawili. Kipimo chao ni mita 3 kwa 4. Walidai miaka mingi, na kuanzia Januari 2021 kanuni za ujenzi za England zikalazimisha majengo makubwa mapya ya umma, ya aina zilizotajwa, kuwa navyo. Mashine ya kunyanyua kwa stendi zetu leo sitawaambia mng'ang'anie, itaharibika na hakuna wa kuitengeneza. Lakini kitanda? Hicho ni kazi ya fundi yeyote: zege na vigae, au mbao ngumu inayokunjwa ukutani, urefu wa kumtosha mtu mzima, na godoro la rexin linalofutika. Mita 12 za mraba ni sawa na kibanda kimoja cha biashara. Stendi yenye vibanda thelathini haishindwi kutoa kimoja.

Wasioona wanataka sakafu safi na mpangilio usiobadilika, kwa sababu wanautafuta ukuta kwa mikono. Viziwi wanataka kitasa kinachoonyesha kwa nje kama kuna mtu, maana hodi hawaisikii. Hivi viwili ni rahisi.

Namna ya kudai. Sheria ile ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi halmashauri na mkoa. Uliza kama ya kata yako ipo hai, na kama imelala, iamsheni kwa barua ya wananchi wengi, wenye ulemavu na wasio nao. CHAWATA (Chama cha Walemavu Tanzania) na SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu) wanaweza kuwashika mkono. Nendeni mapema, kwa kuwa mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na bajeti huwa imeshapangwa miezi kabla. Ukienda na malalamiko Agosti utaambiwa usubiri mwakani.

Sisi hapa kwetu tulienda kwa ajili ya choo cha soko. Tuliomba kuuona mchoro, tukaonyeshwa, na kwenye karatasi kila kitu kilionekana kimekaa vizuri. Mama mmoja wa kikundi chetu, muuza viazi, akasema yeye mchoro hausomi, tuchore chini. Tukachukua chokaa, tukachora choo kile kwa ukubwa wake halisi pale uwanjani, kuta, sinki, mlango, mhandisi akiwa amesimama. Nikaingia na kiti changu. Nilivuka mstari wa ukuta nilipojaribu kugeuka, na nilivuka tena nilipojaribu kutoka. Mhandisi hakubisha, aliinama akapima mwenyewe, akaandika. Chumba kiliongezwa, mlango ukageuzwa ukafunguka nje. Kitanda hatukupata, tuliambiwa awamu ijayo, na bado tunadai. Mteremko ulijengwa mkali, tukarudi, ukavunjwa ukajengwa upya.

La mwisho ni uendeshaji. Halmashauri nyingi huweka mzabuni wa choo, na mzabuni anatafuta faida, chumba kikubwa kisicho na foleni kinageuka stoo. Mkataba wake useme wazi kwamba choo hicho kinakuwa wazi muda wote stendi inapofanya kazi, na kuweka vitu ndani ni kosa la kunyang'anywa zabuni. Bora zaidi, kikundi cha watu wenye ulemavu kiombe kuendesha vyoo vyote vya stendi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba kwa vikundi, 2 kati ya hizo 10 ni kwa ajili yetu, na vikundi vingi huishia kuombea mkopo wa kuku. Choo cha stendi kina wateja kila siku ya Mungu, na anayekaa mlangoni akiwa mwenye kiti, hakuna atakayeingiza ndoo za deki mle ndani.

Mleta mada, omba nakala ya mchoro ofisi ya mhandisi wiki hii, ipige picha uiweke hapa. Ukurasa wa vyoo unatosha. Nitapitia vipimo kimoja kimoja na kukuandikia palipopungua, na kama msingi haujachimbwa, nikija Mafinga nitapitia hapo kwenu na chokaa.